Chuchu baada ya kuondolewa titi: ya kubandika, upasuaji au tatuu?

Shangazi wa Pongwe
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu aliondolewa titi la kushoto, akapigwa mionzi, akamaliza salama. Baadaye akatengenezewa titi kwa nyama ya tumbo. Limekaa vizuri ila halina chuchu, na yeye akijitazama kwenye kioo anasema anaona goti. Ameambiwa kuna njia tatu: chuchu za silikoni za kubandika, upasuaji mdogo wa kukunja ngozi itokeze, au kuchorwa tatuu. Bei tutaulizia wenyewe. Ninachotaka kujua ni ipi inadumu na ipi ina hatari.

Mlindi77
Pole kwa mgonjwa, dada. Mimi nilianza na za kubandika na bado ninazo. Hakuna sindano, na ukichoka unabandua. Ila joto la Lindi unalijua: jasho likianza gundi inateleza. Moja niliiokota kwenye mkunjo wa kitenge nikiwa harusini. Leo nacheka, siku ile sikucheka. Halafu niliyoletewa ya kwanza ilikuwa ya waridi, mimi na weusi wangu huu!

Nesi Zamu ya Usiku
Niko wodi ya upasuaji, lakini si daktari wa ngozi. Chuchu ya upasuaji inatokeza kweli na ukigusa unaikuta, ila hunywea kadiri miezi inavyopita. Tena ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida, kwa hiyo hapo daktari wake ndiye mwenye kauli.
Tatuu yenyewe haitokezi hata kidogo. Mchoraji anaweka kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili, jicho linadanganyika. Ukipapasa ni bapa. Rangi hufifia na huenda ikabidi irudiwe. Wapo wanaofanya vyote viwili: upasuaji kwanza, kidonda kikikomaa ndipo rangi.
Na muulize mdogo wako, huenda tatuu anayo tayari. Sehemu nyingi mgonjwa wa mionzi huwekwa vinukta vya wino ili mashine ilenge palepale kila siku.

Mzee Kipara
Si apakwe piko tu, mbona mnajisumbua?

Binti Mvita
Babu wee! Piko nyeusi za siku hizi nyingi zina PPD, ile kemikali ya rangi ya nywele. Nimeona bi harusi katoka malengelenge mkono mzima. Sembuse kwenye ngozi iliyopigwa mionzi.

Shangazi wa Pongwe
😂 Asanteni. Kuna saluni inachora nyusi, wamejibu WhatsApp kwamba na chuchu wanaweza, aje hata kesho.

wino_eastlands
"Hata kesho" ndiyo inanitisha. Mimi huchora tatuu hapa Nairobi mwaka wa tisa, na kazi hii ya chuchu siigusi. Ngozi ya kovu hainywi rangi kama ngozi nzima: pengine inakataa, pengine inasambaa. Lakini pia msidhani ukiwa daktari basi unajua kuchora. Vinnie Myers wa Finksburg, Maryland, Marekani, anayejulikana sana kwa kazi hii, alitoka kwenye tatuu za kawaida. Mnahitaji watu wawili: daktari wa kuruhusu na mkono wa kuchora.
Mwombeni mchoraji picha za kazi iliyopona, si ya siku ileile ambapo kila kitu kinang'aa, na ziwe za ngozi nyeusi. Sindano ifunguliwe mbele yenu na itupwe mbele yenu. Rangi imiminwe kwenye kikombe kidogo cha mtu mmoja. Inayobaki hairudi chupani. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita hapo. Na kama hajauliza kuhusu sukari, dawa za kuzuia damu kuganda, au mionzi iliisha lini, chukueni mkoba muondoke.

Kaka wa Ujiji
Samahani naingiza langu. Nina mbalanga mdomoni, yale madoa meupe ya ngozi. Tatuu inafaa?

Nesi Zamu ya Usiku
Mdomoni dawa huwa zinagoma, ndiyo maana watu hufikiria rangi. Lakini mbalanga iwe imetulia kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, kwa sababu jeraha la sindano linaweza kuanzisha doa jipya. Rangi ikikosewa, usitegemee leza kuifuta: za kufanana na ngozi mara nyingi zina titani dioksidi, na leza huweza kuzigeuza nyeusi. Anza na doa dogo la majaribio, usubiri wiki kadhaa.
Dada wa Pongwe, swali ambalo tungeanza nalo: mdogo wako ana kovu lililotuna popote?

Shangazi wa Pongwe
Analo sikioni, alipotobolewa. Kama punje ya korosho.

Nesi Zamu ya Usiku
Keloidi hiyo. Kifuani ni mahali inapopenda kuota. Sikatazi, ila asichomwe sindano na yeyote kabla ya daktari wa ngozi kumwona. Kutoka Tanga anaweza kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, ndipo kilipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda. Daktari akague pia kovu la titi na la tumbo, yatasema mengi.

Shangazi wa Pongwe
Nimemuuliza sasa hivi. La tumbo limelala, la titi limetuna upande wa kwapa. Saluni nimewaambia basi. Mlindi77, gundi isiyoteleza inapatikana wapi?

Mlindi77
Sijaipata, dada. Mimi siku za harusi nabeba ya akiba kwenye pochi.