Trojani ya flashi kwenye mashine ya steshenari: Defender, Malwarebytes, diski ya uokoaji au kupiga Windows upya?

MwanaNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Mashine ya steshenari hapa Ngamiani, Tanga: Windows 10, RAM GB 8, SSD GB 256, haina UPS. Flashi yoyote ikichomekwa, mafaili yanapotea na inabaki shotikati moja tu imeandikwa "USB Drive". Feni inavuma muda wote, ila nikifungua Task Manager inatulia papo hapo. Windows Security, yaani dirisha la Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, inasema mashine iko salama. Bando ni la kubana. Kati ya njia nne nilizotaja kwenye kichwa, ipi inafaa?

Fundi_Chumbageni
Mkuu, hiyo feni inayotulia ndiyo imekupa jibu. Kuna trojani (programu hasidi inayojifanya kitu halali) ya flashi inayoingiza mchimbaji, yaani programu inayotumia mashine yako kuzalisha sarafu ya kidijitali ya Monero. Inakula prosesa, na ukifungua Task Manager inajizima ili usiione.

Inavyoingia: mteja anabofya shotikati akidhani ni folda yake. Shotikati inaendesha skripti ya .vbs (faili la amri) iliyofichwa kwenye folda ya sysvolume. Skripti inatengeneza folda "C:\Windows " yenye nafasi mwishoni, inaweka humo printui.exe halali ya Microsoft, na pembeni yake printui.dll ya bandia (dll ni faili la msaada ambalo exe hulitumia). Windows inaiamini ile exe, haiulizi ruhusa, na exe inapakia dll iliyo karibu nayo. Hapo trojani imeshapata mamlaka ya msimamizi.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

dir /a C:\

Ukiona Windows mbili, umeshaipata. Ukiona moja usishangilie, folda ile inaweza kuwa imeshafutwa. Kisha PowerShell, nayo kama msimamizi:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath

Ikikuletea C:\ au folda usiyoijua, ndiyo maana Defender inasema salama: imeamriwa isitazame huko. Ondoa:

Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"

Kabla ya hatua hii, skani yoyote ya Defender ni kazi bure.

MwanaNgamiani
Windows ni mbili, na C:\ imo kwenye orodha. Nimeiondoa.

Fundi_Chumbageni
Sasa Defender inaweza kufanya kazi. Sasisha kwanza. Kama mtandao wa mashine hiyo huuamini, pakua mpam-fe.exe (faili la masasisho ya Defender) kwenye kompyuta safi kutoka tovuti ya Microsoft, ni zaidi ya MB 100, uilete kwa flashi safi. Halafu Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka nje ya Windows, kama dakika 15, kisha matokeo utayakuta Protection history.

Ikiwaka moja kwa moja hadi Windows bila kuskani, mazingira ya ukarabati yamezimwa. Andika reagentc /info, na ukikuta Disabled andika reagentc /enable, kisha rudia.

Kwa bando lako na mashine yako, mimi ningeanza hapa.

Mdau_Pongwe
Naafiki uchunguzi, sikubaliani na tiba. Trojani iliyoshika mamlaka ya msimamizi inaweza kuacha huduma, kazi za ratiba na mlango wa nyuma ambavyo skani haivijui. Defender ikiandika "imeondolewa", maana yake imeondoa ilichokitambua. Mashine ya biashara inapigwa Windows upya, basi.

Malwarebytes ya bure siipingi, lakini ijulikane ni nini. Siku 14 za mwanzo inakupa ulinzi wa muda wote, baada ya hapo inaskani pale unapoiamuru tu. Katika hizo siku 14 inaweza kujisajili kama antivirusi kuu na Defender ikakaa pembeni. Wengi hushangaa baadaye "Defender imejizima yenyewe". Nzuri kwa maoni ya pili na kwa takataka za brauza. Kwa kitu kilichokaa ndani ya System32, folda ya mfumo wa Windows, nayo inaskani kutoka ndani ya Windows ileile iliyoambukizwa.

BitiRaskazone
Diski ya uokoaji mmeiruka. Inawaka kutoka kwenye flashi na Windows imelala kabisa, kwa hiyo trojani haina pa kujificha kwa kujizima. Ila inagoma sehemu mbili.

Ya kwanza ni Fast Startup. Ukizima Windows kwa kawaida haizimiki yote, diski inabaki imefungwa nusu, na programu ya uokoaji inaweza kusoma bila kufuta. Zima kwa amri: shutdown /s /t 0

Ya pili ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Kama imewashwa, diski haisomeki kutoka nje. Na ukizima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) ili flashi iwake, Windows ikirudi inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kabla hujagusa chochote.

Faili la diski hizo ni mamia ya MB, na kwa tatizo hili sioni faida kubwa kuliko Defender ya nje.

Mdau_Pongwe
Basi nimpe hatua za kupiga Windows. Flashi ya GB 8 au zaidi, itengenezwe kwenye kompyuta safi kwa Media Creation Tool. Hifadhi nyaraka na picha tu: docx, xlsx, pdf, jpg. Usibebe exe, lnk, vbs, bat wala scr. Wakati wa kuweka, futa patisheni (vigawanyo vya diski) zote za Drive 0, uweke kwenye nafasi tupu. "Reset this PC" yenye Keep my files si kitu kilekile, na ukichagua Cloud download inakula zaidi ya GB 4 za bando. Leseni ikiwa halali itajirudisha yenyewe. Azima UPS, umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Na zile programu za kuaktivisha Windows bure, ambazo sharti la kwanza ni "zima Defender"? Achana nazo.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupata taarifa za virusi hadi Oktoba 2028, lakini hiyo haizibi matundu ya Windows yenyewe. Prosesa ikiwa Intel kizazi cha 8 au juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0 ipo, weka Windows 11 hapohapo.

Fundi_Chumbageni
Sawa, nakubali kwa mashine inayopokea flashi za watu. Ila leo kuna kazi za wateja: skani ya nje sasa, Windows Jumapili.

BitiRaskazone
Kuna jambo hamjaligusa, nalo ni la wateja. Vijana wanaomba mkopo wa HESLB na kujaza Ajira Portal kwenye mashine hiyo. Trojani yenye mamlaka hayo inaweza kubeba nywila na vidakuzi vya brauza, yaani kumbukumbu zinazokuacha umeingia kwenye akaunti. Kaka, badilisha nywila zako kwa simu, si kwa mashine hiyo, na chagua kuondoka kwenye vifaa vyote. Kidakuzi kilichoibwa kinaweza kuingia bila kuulizwa nywila. Wateja walioingia barua pepe hapo waambie.

Baada ya Windows mpya, fungua akaunti ya kawaida ya kuchapishia, ya msimamizi ibaki kando. Zima pia uendeshaji wa skripti:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Mteja akibofya shotikati, .vbs haitaendeshwa.

MwanaNgamiani
Ahsanteni sana. Na flashi za wateja zilizokwisha haribika?

Fundi_Chumbageni
Mafaili yapo, yamefichwa tu. Muombe mwenyewe ruhusa. Flashi ikiwa E, bila kubofya chochote ndani yake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda iliyofichwa itaonekana, nyaraka zimo. Zinakili, futa shotikati na sysvolume, kisha fomati flashi. Fanya hivyo baada ya mashine kuwa safi. Ukianza na flashi, itaambukizwa tena kabla hujaichomoa.