Naomba ushauri: nataka kuiboresha boti yangu ndogo ya alumini, nianzie wapi?

Mvuvi_wa_Alfajiri
Wakuu, salaam. Nina boti ya alumini yenye urefu wa mita 3.7, iliyounganishwa kwa ribiti (pini za chuma za kubania bati), ninayoitumia kuvulia ziwani kwa ndoano. Haivuji hata tone, na bodi yake bado ni imara. Nakusudia kuifanyia maboresho machache yasiyohitaji karakana: kuweka sakafu ya plaiwudi ili niweze kusimama na kurusha ndoano, kuongeza sitaha ndogo upande wa omo, yaani mbele, kufunga mota ya umeme pamoja na betri yake, na kuweka taa na vishikio vya fimbo. Swali langu kubwa ni hili: juu ya hiyo sakafu nitandike zulia au mpira laini wa povu? Jambo hili limeninyima usingizi, kwa kuwa kila ninayemuuliza ana jibu lake, na kazi yenyewe nimeshaianza kidogo. Naomba mnisaidie kabla sijaendelea.

Kasia_Mbili
Zulia usilisogeze karibu na boti ya uvuvi. Likishalowa halikauki upesi, linashika harufu ya samaki, ndoano hunasa ndani yake, na ule unyevu unakaa juu ya plaiwudi kutwa kucha mpaka mbao inaoza kuanzia chini, mahali usipopaona. Mpira wa povu unaoshwa kwa ndoo moja ya maji na hauumizi magoti. Chagua wenye rangi hafifu, kwa sababu mweusi ukikaa juani utaunguza nyayo. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikaachana na plaiwudi kabisa, nikaweka bati la alumini la milimita 3 lenye vinundu vya kuzuia utelezi, na chini yake vipande vya mpira ili lisipige kelele. Samaki husikia mtikisiko wa bati mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Fundi_Nyaya
Suala la zulia ni dogo. Kinachonitia wasiwasi ni umeme, maana wengi hufunga mota na betri kwanza, ndipo wanapouliza.

Kwanza, kamwe usiitumie bodi ya boti kama waya wa kurudishia umeme, jinsi inavyofanyika kwenye gari. Kila taa na kila kifaa kiwe na nyaya zake mbili, chanya na hasi, hadi kwenye betri. Umeme unaovuja kupitia alumini iliyomo majini huila, na tundu unaweza kuliona baada ya msimu mmoja tu. Pili, weka fyuzi karibu kabisa na betri kwenye waya chanya, isizidi sentimita 18 kama inawezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Tatu, fanya hesabu ya betri kabla ya kununua. Mota yenye msukumo wa kilo 25 hivi huvuta takriban ampea 50 ikiwa kasi ya juu. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo kwa kasi hiyo hupati hata saa nzima ya uhakika. Ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma ina uzito usiofika nusu ya uzito wa ile ya risasi na hutumika karibu yote, ila bei yake ni kubwa.

Kuhusu taa, Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaruhusu chombo cha injini kilicho chini ya mita 7, ambacho mwendo wake wa juu hauzidi noti 7 (kilomita 13 hivi kwa saa), kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, na kuongeza zile za pembeni panapowezekana: nyekundu kushoto, kijani kulia. Weka zote tatu. Hazivuti umeme wa kutisha, na anayekuja mbele yako gizani atajua unaelekea wapi.

Mama_Wavu
Ndugu Mvuvi, umesema kazi umeshaianza kidogo. Kidogo hicho ni kipi? Plaiwudi ni ya aina gani, na viti vya boti viko mahali pake? Sioni jinsi mtu anavyoweza kutandaza sakafu ya kusimamia katika boti ya mita 3.7 yenye viti vitatu bila kugusa hata kimoja.

Mvuvi_wa_Alfajiri
Nawashukuru nyote. Fundi_Nyaya, nitaweka fyuzi kama ulivyoelekeza. Mama, plaiwudi nimeshainunua na kuikata, ya milimita 12, iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Nilichagua yenye dawa makusudi kwa kuwa itakaa penye maji, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba itadumu kuliko boti yenyewe. Kwa hiyo upande wa mbao naona nimeshaumaliza, limebaki suala la kutandika.

Kasia_Mbili
Hapana, upande wa mbao hujaumaliza. Dawa nyingi za kuzuia kuoza zina shaba ndani yake. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na unaanza kuona unga mweupe kisha vishimo vidogo vidogo. Ndiyo sababu boti za alumini hazipakwi rangi ya shaba ya kuzuia viumbe wa majini. Itumie plaiwudi hiyo kwa banda au rafu, ununue ya kawaida iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, uipake epoksi (gundi ngumu ya kuzuia maji) pande zote, na zaidi kwenye kingo ulizokata na matundu ya skrubu. Skrubu na bolti ziwe za chuma cha pua, lakini uzitenge na bodi kwa washa za nailoni na gundi ya kuzuia maji, kwa kuwa chuma cha pua nacho huila alumini pakiwa na unyevu, hasa wa chumvi.

Mvuvi_wa_Alfajiri
Nimekuelewa, ingawa mbao hiyo haitagusa bodi moja kwa moja, kwa kuwa nitatia vipande vya mpira kati yake. Nadhani hilo linatosha.

Kasia_Mbili
Halitoshi. Maji ya mvua yakipita kwenye mbao hiyo hubeba shaba na kuituamisha chini, kwenye ribiti za mkuku, ule uti wa chini wa boti. Mpira hauzuii maji kupita.

Mama_Wavu
Na swali langu la viti bado halijajibiwa.

Mvuvi_wa_Alfajiri
Mama, sikutaka kulisema mapema kwa sababu nilijua mjadala ungehamia huko na swali langu lingesahaulika. Kiti cha katikati nimekiondoa. Nilikata ribiti zake kwa keekee, kikatoka kizima. Ndani yake mlikuwa na povu gumu lililolowa maji, zito ajabu, nikalitupa. Sasa nina nafasi ya kutembea kutoka tezi, yaani nyuma, hadi kiti cha mbele bila kuruka chochote, na hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nikiihitaji. Boti bado inaelea vizuri, niliijaribu karibu na ufuo. Nimeona boti kadhaa za kiwandani zisizo na kiti cha katikati, wala hazizami.

Mama_Wavu
Ahsante kwa kusema. Sasa nivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo penye uhai wako.

Kiti cha katikati katika boti ya namna hiyo kina kazi tatu, na kukaliwa ndiyo ndogo kuliko zote. Kazi ya kwanza ni kuzishika mbavu za kushoto na kulia zisifunguke. Bati la bodi ni jembamba, na pasipo mshiko wa katikati pande zinatanuka na kurudi kila wimbi linapopita, ribiti zinalegea taratibu, na boti isiyovuja hata tone inaanza kuvuja. Hizo za kiwandani ulizoziona zimeundwa hivyo tangu mwanzo: zina mataruma (fremu za ndani za kuimarisha bodi) mazito zaidi, au sakafu iliyofungwa kwenye mbavu, au masanduku ya pembeni yanayofanya kazi ya kile kiti.

Kazi ya pili ni kuelea boti inapojaa maji. Alumini ikizama hupungukiwa na uzito kwa asilimia 37 tu hivi. Tuseme bodi yako ina kilo 70: ikijaa maji, bado inavuta kwenda chini kwa kilo 44, na hapo hatujahesabu injini, betri wala nanga. Kiti cha urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35 kinachukua lita 126 za povu, na povu hilo likiwa kavu linabeba karibu kilo 120. Hicho ndicho ulichokitupa. Kulitupa lililolowa ni sawa, maana lilikuwa halibebi kitu, lakini halikurudishiwa jingine. Kuijaribu ikiwa tupu karibu na ufuo hakukuonyeshi lolote, kwa sababu hata sufuria huelea mpaka siku inapoingia maji.

Kazi ya tatu ni kukufanya ukae. Ukisimama juu ya sitaha iliyoinuliwa, uzito wako wote unapanda juu, na boti yenye upana wa mita 1.4 inapinduka kwa kosa dogo sana.

Mzee_wa_Makasia
Vijana wa siku hizi wana haraka ya kusimama. Nimevua miaka yote nikiwa nimeketi, makasia mawili, kamba ya nanga ndefu mara 5 hadi 7 ya kina cha maji, na upo wa kuteka maji uliofungwa kwenye kiti ili usielee ukaniacha. Rafiki yangu mmoja alijengea boti yake sitaha kama yako. Alipovutwa na samaki mkubwa alirudi hatua moja nyuma, na hatua hiyo haikukuta mbao. Alikuwa na jaketi okozi, alilivaa, hakulikalia. Mwanangu, kabla ya mota na taa, anza na hilo jaketi, lifunge mwilini kila unapoingia majini.

Mvuvi_wa_Alfajiri
Mzee wangu, shikamoo, na jaketi ninalo na ninalivaa. Mama, hesabu yako nimeielewa, lakini nilikwisha kulifikiria hilo. Nitajaza povu jipya chini ya sakafu, kati ya taruma na taruma. Lita ni lita, popote zilipo. Sioni sababu ya kurudisha kiti.

Fundi_Nyaya
Lita si lita popote zilipo. Povu likiwa chini kabisa na boti ikajaa maji, povu linataka kupanda juu, injini inataka kushuka chini, na boti inageuka kifudifudi. Povu linafaa kuwa juu, pembeni, chini ya ukingo wa boti kushoto na kulia, ili boti iliyojaa maji ikae wima na mtu aweze kushika ukingo wake. Isitoshe, hapo chini ya sakafu ndipo maji yanapotuama, kwa hiyo litalowa kama lile la kwanza.

Shahidi_Macho
Naomba radhi, lakini nimeusoma uzi huu tangu juu na kuna jambo halinikai. Mwandishi alianza kwa kusema boti yake haivuji hata tone. Baadaye anasema povu ndani ya kiti lilikuwa limelowa na zito ajabu. Maji hayo yalitoka wapi? Halafu kila anapobanwa, linatokea kosa jipya lililo kubwa kuliko la kwanza: mbao yenye shaba, kisha kiti, kisha povu chini. Naona hadithi imetungwa ili watu wapoteze muda wao kuandika. Atuonyeshe uthibitisho kwamba boti ipo.

Kasia_Mbili
Shaka yako ina haki yake, lakini hoja ya povu haisimami. Boti inayokaa nje bila turubai, pua yake ikiwa haijainuliwa na kizibo cha tezi hakijatolewa, hukusanya mvua. Maji hayo hupenya kwenye maungio ya kiti na kukaa humo miaka, wala bodi haijavuja hata mara moja. Povu linaloitwa lisilonyonya maji nalo hulowa likikaa ndani ya maji muda mrefu. Nimelikuta hivyo katika boti zaidi ya moja.

Shahidi_Macho
Basi ajibu jambo moja ambalo mtunzi hawezi kulijua. Kiti si kilitoka kizima? Akipime urefu wake, kisha apime uwazi kati ya mbavu mahali palepale kilipokuwa kimefungwa.

Mvuvi_wa_Alfajiri
Sikuja hapa kutunga hadithi. Nimekwenda kupima. Kiti kina sentimita 121 kutoka ncha hadi ncha. Uwazi kati ya mbavu, kwenye matundu yaleyale ya ribiti, ni sentimita 123. Nimepima tena, namba ni ileile. Pia nilipofuta mahali kiti kilipogusa bodi nimekuta mstari wa unga mweupe kando ya ribiti, sikuwa nimeuona. Mama, sentimita 2 ni nyingi?

Shahidi_Macho
Naondoa shaka yangu. Hiyo si namba ya mtu anayetaka kushinda mabishano.

Mama_Wavu
Ni nyingi kwa boti ambayo haijabeba kitu. Usiifunge injini wala mota kwanza. Pitisha mkanda wa kukazia kutoka ukingo hadi ukingo, uvute taratibu mpaka matundu ya ribiti yalingane na kiti, usiyalazimishe kwa nyundo. Sugua ule unga mweupe mpaka ufikie alumini safi. Ukiona kishimo ambacho ncha ya msumari inazama, mwite mchomeleaji wa alumini kabla ya lolote. Kisha kirudishe kiti, kwa ribiti imara za kugongwa na watu wawili, mmoja nje na nyundo, mwingine ndani na chuma cha kuzuia, au zile za kuvuta zilizozibwa ncha. Za kuvuta zenye tundu katikati zitapitisha maji.

Kama kweli huwezi kuishi na kiti hicho, jenga masanduku mawili ya pembeni kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma, yafungwe kwenye mbavu na kwenye fremu ya sakafu, yajazwe povu juu. Njia ya katikati utaipata. Ila kazi hiyo aisimamie mtu aliyewahi kuifanya.

Mvuvi_wa_Alfajiri
Nitakirudisha kiti, ingawa sitaha ya mbele bado naitaka. Nikiijenga chini ya usawa wa kiti cha mbele, itakuwa salama? Na povu la kununua ni lipi?

Mama_Wavu
Chini ya usawa wa kiti, naam, na uivulie ukiwa umeketi kwenye kiti cha kuzunguka pale upepo unapokuwa mkali. Povu chukua la polietilini, kwa sababu lile jeupe la polistairini huyeyuka likiguswa na petroli. Ukimaliza, peleka boti mahali ambapo maji yanakufika kiunoni, ijaze maji yenyewe mpaka ukingoni, badala ya injini na betri tumia magunia ya mchanga yaliyopimwa, uongeze kidogo kwa kuwa mchanga nao hupungua uzito majini. Uangalie inakaa wima au inalala. Ikilala upande, ongeza povu chini ya ukingo wa upande huo, ujaribu tena.