Je, hesabu za kompyuta zitoshe bila kuangusha helikopta?

Ndugu wanajukwaa,

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alidai hapa kwamba kuangusha helikopta nzima ili kupima vifyonza nishati vya nyuzi za kaboni ni kuteketeza fedha, kwa sababu programu za kompyuta sasa hutoa jibu lilelile. Ninampinga, na naomba tulijadili jambo hili kwa kina.

Kifyonza nishati ni kipande kinachowekwa chini ya sakafu au kiti ili kisagike pale helikopta inapojibamiza chini, na uti wa mgongo wa abiria usalimike. Cha alumini hujikunja kama kopo lililokanyagwa. Cha nyuzi na gundi hakijikunji: nyuzi hukatika, matabaka huachana na kufunuka kama ganda la ndizi, na kikitengenezwa vizuri, kila kilo yake humeza nishati nyingi kuliko kilo ya alumini. Ugomvi wote umo katika hilo neno "vizuri".

Mimi hutengeneza maboti ya faibaglasi hapa Kigoma, si helikopta, lakini nyenzo hizi ni ndugu. Mwaka jana nilikata vipande viwili vya bomba moja la faibaglasi. Kimoja nikakinoa mdomo kwa tupa hadi ukawa mshazari, kingine nikakiacha kilivyo, kisha nikavikandamiza kwa jeki ya lori chini ya boriti ya chuma. Kilichonolewa kilisagika taratibu kuanzia mdomoni, unga mweupe ukimwagika sakafuni, na mpini wa jeki ulikuwa na uzito uleule mkononi mwangu hadi mwisho. Kingine kiligoma, kikagoma, kisha kikapasuka kwa urefu kwa mlio mmoja, na mpini ukawa mwepesi ghafla. Bomba ni lilelile; kilichotofautisha ni tupa.

Kompyuta huijuaje tofauti hiyo? Katika LS-DYNA, programu inayotumika sana kwa kazi hii, mojawapo ya modeli za kawaida za nyenzo hizi ina namba inayodhoofisha safu ya elementi (vipande vidogo ambavyo kompyuta hukigawanya kifaa) zilizo mbele ya sehemu inayosagika. Namba hiyo haipimwi maabara. Mhandisi huibadilisha mara kwa mara hadi mchoro wa nguvu unaotolewa na kompyuta ufanane na wa jaribio. Anayesema kwamba uigaji wa kompyuta umechukua nafasi ya jaribio amesahau ni nani anayemlisha mwenzake.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja nzito. Mnamo Desemba 2009, katika kituo chake cha Langley nchini Marekani, NASA iliangusha helikopta ndogo aina ya MD-500 kutoka kimo cha mita 10 na ushei, ikiwa na mto wa Kevlar (nyuzi imara za plastiki) wenye vyumba vidogo kama sega la nyuki tumboni; Machi 2010 jaribio likarudiwa bila mto, na mshtuko ukawa takriban mara tatu. Hayo ni maangusho mawili tu, tena juu ya zege. Kompyuta inaweza kujaribu pembe mia moja, na hakuna nchi, hata iwe tajiri kiasi gani, itakayokubali kuvunja helikopta mia moja.

Lakini zege si ziwa. Helikopta ikipiga maji, shinikizo hutawanyika juu ya ngozi ya tumbo, ngozi ikapasuka kati ya mbavu, na maji yakaingia ndani huku vipande vilivyokusudiwa kusagika vikiwa bado vizima. Sisi tunaoishi kando ya Tanganyika, ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470, hatuwezi kulichukulia hilo kama jambo dogo, maana rubani anayepata hitilafu katikati ya Kigoma na ng'ambo ya Kongo hana zege la kuangukia.

Rai yangu ni kwamba modeli iaminiwe ndani ya mipaka ya yale yaliyokwisha kujaribiwa kwa mkono, kuanzia kipande kidogo hadi sakafu nzima, na angalau mara moja majini. Wahandisi na marubani mliomo humu, je, nchi kama yetu, isiyounda helikopta bali kuzinunua, idai ushahidi wa jaribio la majini kabla ya kusajili chombo kitakachofanya kazi juu ya maziwa, au sharti hilo litawafukuza wenye helikopta tukabaki bila hata moja ya kubebea wagonjwa?