Outlook ya ofisini inadai nenosiri kila mara na nenosiri ni sahihi, nisaidieni

Mizania
Wakuu, habari za saa hizi. Nipo uhasibu kwenye kampuni ndogo ya usambazaji, Mwanza. Barua pepe zetu ziko Microsoft 365, na kwenye kompyuta tunatumia Outlook ile ya zamani, sio "New Outlook".

Tangu wiki iliyopita kinaruka kisanduku kinataka jina na nenosiri. Naandika, kinaondoka, mara kimerudi tena. Nikibonyeza Cancel kinapotea na barua zinaendelea kuingia kama kawaida, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kwa kivinjari, outlook.office.com naingia bila shida. Kwenye simu hakuna usumbufu wowote. Nimebadilisha nenosiri, nimefuta yote yaliyohifadhiwa kwenye Credential Manager, nimezima na kuwasha. Wapi!

Wenzangu wawili nao imewaanza. Jamaa wetu wa IT (si mwajiriwa, tunamwita kukiwa na tatizo) anataka kupiga Windows upya mashine zote. Na huku ritani ya VAT inatakiwa TRA kabla ya tarehe 20. Nimruhusu?

Dogo_Janja_Kirumba
Piga Windows tu mkuu, hao ni virusi. Nusu siku umemaliza.

Bi_Mkubwa_wa_Seva
Usimruhusu. Windows haijagombana na mtu hapo. Nenosiri lingekuwa bovu usingeingia kwa kivinjari, na mashine tatu haziwezi kuugua ugonjwa mmoja wiki moja kwa bahati mbaya. Kitu kimebadilika nje ya hizo mashine.

Nijibu haya kabla hujagusa chochote. Kisanduku chenyewe kina sura gani? Ni kidogo, juu kimeandikwa "Windows Security"? Au ni dirisha kubwa jeupe lenye nembo ya Microsoft, lile ambalo baadaye huomba uthibitishe kwa simu? Na kwenye mambo ya mtandao pale ofisini, nini kimeguswa karibuni?

Sababu ya kuuliza sura: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 Microsoft walianza kufunga ule mtindo wa kizamani wa kutuma jina na nenosiri moja kwa moja kwenye Exchange Online, yaani seva za barua za 365. Kwa Outlook ya 2016 kuja juu, 365 wenyewe wakikuhitaji hukuletea lile dirisha kubwa. Kile kidogo kikitokea, mara nyingi anayebisha hodi ni mwingine.

Kipanga_01
Angalia na saa ya kompyuta. Betri ya ubao mama ikifa, tarehe inarudi nyuma na huduma zote zinakukataa. Nimeliona sana kwenye mashine za mtumba.

Mizania
Saa iko sawa, asante @Kipanga_01.

@Bi_Mkubwa_wa_Seva ni kile kidogo, "Windows Security", na kinaonyesha anwani yangu ya kazini. Kilichobadilika: tovuti ya kampuni ilihamishwa kwenda kwa watu wengine wanaohifadhi tovuti, maana ile ya zamani ilikuwa nzito. Barua pepe hatukuzigusa. Halafu sijui kama inahusiana, hiyo tovuti mpya ofisini haifunguki kabisa ila kwa bando la simu inafunguka vizuri.

Bi_Mkubwa_wa_Seva
Inahusiana, tena hiyo ndiyo jibu lenyewe.

Outlook haikumbuki seva yako milele. Kila baada ya muda inaulizia upya mipangilio ya akaunti, na huduma hiyo inaitwa Autodiscover. Miongoni mwa milango inayogonga ni jina tupu la kampuni yenu, yaani anwani ileile ya tovuti. Kwa wale wa zamani hakukuwa na mtu wa kuitikia, ikasonga mbele hadi ikafika Microsoft. Sasa mmehamia kwenye seva ambayo, nina uhakika, ina cPanel, ile programu ya kusimamia tovuti. cPanel ina huduma yake ya barua, kwa hiyo inaitikia: "Naam, nipo, nipe nenosiri." Unaipa nenosiri la 365, yenyewe hailijui, inakataa, kisanduku kinarudi. Barua zinaendelea kuingia kwa sababu muunganisho wako na Microsoft haujawahi kukatika.

Na tovuti kutofunguka ofisini: seva inaona nenosiri bovu likija mfululizo kutoka anwani moja ya intaneti, ukuta wake unadhani ni mwizi, unawafungia ofisi nzima. Simu yako ina njia nyingine, ndiyo maana inapita.

Hakikisha mwenyewe. Shikilia Ctrl, bofya kulia alama ya Outlook pale chini karibu na saa, chagua "Test E-mail AutoConfiguration". Acha tiki kwenye "Use AutoDiscover" tu, zile mbili za Guessmart zitoe, bonyeza Test, kisha fungua kichupo cha Log. Ila fanya ukiwa umeunganisha kompyuta kwenye simu, maana ofisini mmefungiwa na utaona majibu tofauti.

Mizania
Dah. Mstari upo: https, jina letu la .co.tz, halafu /autodiscover/autodiscover.xml, na mbele yake 401. Chini zaidi ndiyo yanakuja majina ya Microsoft na "Succeeded".

Bi_Mkubwa_wa_Seva
401 maana yake "sikutambui". Umemwona.

Dawa ya leo, kwa kila mashine: funga Outlook, fungua regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\AutoDiscover. Tengeneza DWORD (mpangilio wa namba) iitwayo ExcludeHttpsRootDomain, ipe thamani 1. Outlook itaacha kugonga ule mlango. Huyo jamaa wa IT anaweza kuifanya akiwa amesimama.

Kipanga_01
Kwa heshima zote dada, hiyo ni kuziba kiraka. Akinunua kompyuta nyingine mwezi ujao tatizo linarudi. Awaandikie wenye seva wazime Autodiscover ya cPanel kwa domeni yao, na wawaondoe ofisi kwenye orodha ya waliofungiwa. Tiketi moja tu.

Bi_Mkubwa_wa_Seva
Sibishi, afanye yote mawili. Tiketi nyingine hujibiwa baada ya siku kadhaa na yeye ana ritani.

Kwenye tiketi hiyohiyo waulize na "Email Routing", yaani seva inapeleka wapi barua za domeni yenu. Inatakiwa iwe "Remote Mail Exchanger". Ikiwa "Local", mteja akijaza fomu ya oda kwenye tovuti, ujumbe unaishia humohumo ndani ya seva na nyie 365 hamwoni kitu. Hili huwa linagundulika mteja akishapiga simu kulalamika.

Halafu ukimaliza, badilisheni nenosiri wote watatu. Yale mliyokuwa mnaandika kwenye kisanduku yalikuwa yanakwenda kwenye seva isiyo ya barua zenu.

Mizania
Mashine yangu tayari, tangu asubuhi kimya. Za wenzangu anamalizia sasa hivi. Tiketi nimetuma na hiyo ya Email Routing nimeiweka, maana kweli oda za tovuti zimekauka tangu tuhame, tulidhani ni biashara.

Mchuuzi_wa_Ilala
Samahani nadandia uzi. Mimi kisanduku nikiki-Cancel barua haziingii kabisa, na Outlook yangu ni ya 2013. Hiyo DWORD itanisaidia?

Bi_Mkubwa_wa_Seva
Hapana kaka, lako ni jingine. 2013 inajua njia mpya ya kuingia ila imezimwa mpaka uiwashe: HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\15.0\Common\Identity, weka DWORD mbili, EnableADAL na Version, zote 1. Fungua Outlook, lile dirisha kubwa litatokea. Lakini Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2023, kwa hiyo anza kutenga bajeti. Na kama kuna mwenzako pale bado yuko kwenye 2010, huyo hana cha kuwasha, atumie kivinjari.