Tupeane uzoefu: ukiwa nchi za watu, ulikuwa mtalii au msafiri?

Zabibu Chachu (mwanzisha mada)

Mbukwenyi wakuu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa mama lishe mmoja pale soko la Majengo, ugali wa uwele na mlenda. Benchi la mbele yangu kakaa kijana wa Kijerumani, begi lake kubwa kuliko yeye, anachota mlenda kwa mkono na unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Dogo mmoja muuza mifuko akaanza kumwita, "Mtalii! Mtalii!" Jamaa akajibu, Kiswahili cha kujifunzia kwenye simu lakini kimenyooka: "Mimi si mtalii. Mimi ni msafiri."

Mama lishe hata hakugeuka, alikuwa anasonga. Akasema, "Kama si mtalii, beseni la vyombo lile pale."

Tukacheka. Jamaa hakucheka. Alimaliza ugali, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa na kuosha sahani kumi na kitu. Mama akamgombeza kwa kumwaga maji, maana kwa Dodoma hii mnajua ndoo inavyotafutwa.

Tangu siku hiyo kitu hiki hakinitoki kichwani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa nawauliza wana Dodoma mliowahi kuvuka mipaka, iwe kwa masomo, biashara, matibabu au kutembea tu: kuna siku mtu wa kule alikupa jembe? Au ulirudi na picha? Picha nazo ni jibu, sitamcheka mtu.

Naanza mwenyewe. Kigali, nilikwenda kumtembelea rafiki niliyesoma naye. Nilijipangia siku nne: makumbusho ya mauaji ya kimbari kule Gisozi, soko la Kimironko, picha za taa usiku zinavyopanda milima, basi. Mambo ya mpakani Rusumo siyasemi sana, kwamba ukivuka unahamia upande wa kulia wa barabara na mifuko ya plastiki wamepiga marufuku tangu 2008. Hayo kila aliyefika Rwanda anayasimulia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi naamka, mji kimya. Hakuna pikipiki, duka limefungwa, rafiki yangu kavaa gambuti. "Leo umuganda." Kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi watu wa mtaa wanatoka kufanya kazi ya pamoja. Mgeni halazimishwi, kwa hiyo nikasema mimi nabaki na simu yangu. Mara mzee wa jirani akagonga geti, akanitazama juu mpaka chini, akaninyooshea kitu. "Isuka."

Wakuu, isuka kwa Kinyarwanda ni jembe. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Tulizibua mtaro. Baada ya hapo kikao cha mtaa, na nusu saa nzima ilikwenda kwenye suala la mbwa wa mtu. Lugha sikuielewa lakini mwenye mbwa nilimtambua kwa sura tu. Gisozi nilikwenda kesho yake na malengelenge kiganjani. Kuna ukuta wa majina pale. Nilikuwa nimepanga kupita haraka nikawahi Kimironko. Sokoni sikufika.

Haya, leteni yenu.

Mama Kontena

Umenikumbusha Guangzhou, kaka. Nauza nguo za watoto, na safari zangu nne za mwanzo China sikuiona. Niliona hoteli ya Xiaobei, soko la jumla, ofisi ya mzigo na uwanja wa ndege. Xiaobei yenyewe unatembea unasikia Kiswahili na Kilingala, wali unaupata, unasahau uko wapi. Dalali anakushika mkono kama kipofu, anakula kwako na anakula kwa muuzaji. Mazungumzo yote ni kikokotoo: yeye anabonyeza 35, mimi nabonyeza 18, anashika kifua kama nimemchoma kisu, tunamalizana 24.

Safari ya tano dalali kazima simu. Nikajikaza, nikaenda mwenyewe kwenye duka la mwanamke mmoja tunayelingana umri. Siku hiyo nina homa, natetemeka. Akaniona, akanipa maji ya moto. Kule maji ya moto ni dawa ya kila kitu, ukiwa na mafua maji ya moto, ukiachwa na mume maji ya moto. Nakunywa, mara gari la mzigo likafika na yeye yuko peke yake dukani. Bila kuniuliza akanipakatisha mtoto wake, akatoka kuhesabu maboksi. Saa nzima! Mtoto kanikojolea.

Msidhani alinipunguzia bei. Hata yuan moja. Ila siku hizi nikiwa hapa Dodoma, kabla hajanitumia picha za mzigo mpya ananitumia kwanza ya mtoto. Ameshaota meno ya mbele.

Tela la Nyuma

Mimi mnanichanganya. Nyumbani Kibaigwa, dereva wa lori, mwaka wa kumi na moja huu. Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Chingola, Kasumbalesa, mpaka Lubumbashi. Pasi ya kwanza ilijaa mihuri nikachukua nyingine. Kwa hesabu ya safari hapa hakuna wa kunifikia.

Lakini niulize nimeona nini. Foleni ya Kasumbalesa unaweza kulala siku nne, tano. Unga natoka nao Kibaigwa, nasonga kwenye jiko la gesi chini ya tela, tunakula madereva wa Tanzania watupu, tunapiga soga za Tanzania. Lubumbashi wanaongea Kiswahili kabisa, cha kwao, vitu wanaita "bintu" na Kifaransa kinachomekwa katikati. Lugha si kikwazo hata kidogo. Na bado miaka yote ninayemjua kule ni wakala wa forodha na dada wa vocha.

Mwanangu wa darasa la nne aliniuliza Kongo ikoje. Nikamwambia kuna vumbi jekundu.

Zabibu Chachu

Mkuu Tela, hiyo imeniingia. Safari njema popote ulipo.

Sina Cheo

Ngoja niharibu sherehe. Huyo Mjerumani ana uhuru wa kuchagua jina. Anatua, analipa dola 50 ya viza (Mmarekani 100), anapigwa muhuri, kisha anakaa Majengo anajiita msafiri, nasi tunampigia makofi kwa kuosha sahani ambazo dada zetu wanaosha kila siku bila mtu kuwaandikia uzi.

Sasa chukua pasi yetu uombe viza ya Ulaya. Euro 90, ukinyimwa hairudi. Taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, pa kulala. Na wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba utarudi kwenu. Mara ya kwanza nilijaza kwamba nakwenda kutembea tu. Nikanyimwa. Mtu wa Dodoma anatembea tu?

Mara ya pili nikapata. Kule, nchi siitaji, tuko ndani ya treni, behewa limejaa, polisi wakaingia na aliyeombwa hati ni mmoja. Mnamjua. Kesho yake nilinunua kofia yenye jina la mji na kamera nikaining'iniza shingoni, nikawa napiga picha hata mapipa ya taka. Nyie mnakimbia kuitwa watalii, mimi nililipia nionekane mtalii. Hakuna aliyeniuliza tena.

Nesi wa Makole

Sina Cheo una hoja, siwezi kukubishia. Ila kuna upande ambao tatizo linakuwa sisi wenyewe.

Nilikuwa Addis Ababa wiki sita kwa kozi. Siku ya kwanza dereva alituambia atatuchukua saa mbili. Wazungu wakamsubiri mchana, mimi nilikuwa getini asubuhi, kwa sababu Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, jua likitoka ndipo saa zinaanza. Nikajiona mwenyeji! Ilidumu mpaka nilipoangalia kalenda ukutani: miezi 13, na mwaka uko nyuma ya wetu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja. Kila jioni anaandaa kahawa. Anaikaanga mbele yako, anapitisha kikaango uinuse moshi, anatwanga, anachemsha kwenye jebena, birika lao la kahawa. Mimi nakunywa kikombe kimoja, nashukuru, naingia chumbani kusoma. Wiki mbili hivyo, na nilijiona mgeni mwenye adabu, simsumbui mtu.

Jioni moja binti yake akanishika mkono. "Mama anauliza, kwa nini kila siku unaikimbia baraka?" Kumbe vikombe ni vitatu na vina majina: abol, tona, na cha tatu ndicho baraka. Neno hilihili letu. Wiki mbili nimemwachia mama wa watu baraka yake kwenye jebena nami najiita mstaarabu.

Wiki ya nne akanipa kikaango nikaange mimi. Nikaziunguza. Walikunywa wote, vikombe vitatu, na hakuna aliyesema neno.

Mtani wa Kondoa

Mimi nilikuwa Chennai miezi miwili nikimuuguza baba, kwa hiyo sikuwa mtalii wala msafiri, nilikuwa mlinda kitanda. Nachangia kimoja tu. Siku ya kwanza nimetoka hospitali nimesimama barabarani napiga kelele, "Bajaji! Bajaji!" Zinapita tu, hazisimami. Nikajisemea, si kwao huku zilikotoka? Baadaye nikaambiwa kule wanaziita "auto", Bajaj ni jina la kampuni. Nilikuwa kama mtu anayesimamisha daladala kwa kuita Toyota.

Halafu mwanzisha mada, kuna jambo umeliruka. Yule Mjerumani chakula alilipa, au vyombo ndiyo yalikuwa malipo?

Zabibu Chachu

Alilipa mkuu. Mama alimpiga elfu tano kwa sahani yetu ya elfu mbili. Na alipopotelea kona ya sokoni tu, mama akalivuta lile beseni na kuziosha sahani zote upya.