Modi apimwe kwa mizani ileile aliyompimia Manmohan Singh. Ushabiki wenu umetosha!

Wakuu,

Nimefuatilia mabishano yenu kuhusu India nimeshindwa kunyamaza. Mtu anauliza swali halali kabisa kuhusu ajira, anajibiwa kuwa anachukia Uhindu na ahamie Pakistan. Mwingine anasema malipo ya simu kule yanafanya kazi vizuri, anaitwa chawa wa BJP, chama cha Modi. Kilichoulizwa hakijibiwi. Mnabishana Simba na Yanga juu ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, na mnaona raha.

Hoja yangu ni moja. Narendra Modi hakulazimishwa kuwa waziri mkuu. Aliomba kazi. Akiwa bado anaongoza serikali ya jimbo la Gujarat alizunguka India nzima akiwaeleza wananchi kwa nini Manmohan Singh, waziri mkuu wa wakati ule kutoka chama cha Congress, hafai: rupia inaporomoka, petroli inapanda, fedha chafu zimefichwa, waziri mkuu haongei. Mizani hiyo aliichagua mwenyewe. Wapiga kura wakamwelewa, Mei 2014 wakakipa chama chake viti 282 kati ya 543, na Congress ikabaki na 44, haijawahi kuaibika hivyo. Sasa kwa nini leo anayemweka Modi kwenye mizani hiyohiyo anaitwa msaliti?

Rupia naipita haraka maana haina ubishi. Wakati anaapishwa dola moja ilikuwa chini kidogo ya rupia 60. Mwaka 2022 ikavuka 80. Kama ile ya 2013 ilikuwa ushahidi kwamba serikali imeshindwa, hii ni ushahidi wa nini? Nikiwauliza wanaomtetea naambiwa ni uchumi wa dunia. Manmohan alisema hivyohivyo, mkamzomea.

Petroli inaumiza zaidi kwa sababu inaingia kwenye kila kitu, kuanzia nauli ya bajaji hadi bei ya vitunguu. Mei 2012 wapinzani, BJP wakiwamo, waliitisha mgomo wa nchi nzima kwa sababu petroli imepanda. Modi alipoingia madarakani mafuta ghafi yakaanza kushuka duniani, tena kwa kishindo. Bahati gani hiyo! Serikali yake ikapandisha ushuru mara kadhaa kati ya mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2016, ile nafuu ikaishia hazina. Ikapandisha tena 2020. Kufikia Julai 2021 lita moja Delhi ikavuka rupia 100. Nionyesheni mgomo wa nchi nzima uliofanywa na wale wale wa 2012. Nionyesheni hata kikao kimoja.

Halafu fedha chafu. Hapa nina hasira yangu binafsi, nilikuwa mwanafunzi Pune wakati ule. Tarehe 8 Novemba 2016, saa mbili usiku, Modi alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba ikifika usiku wa manane noti za 500 na 1,000 zitakuwa karatasi tu. Noti hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha zote zilizokuwa mikononi mwa watu. Mama aliyekuwa anatuuzia chai nje ya chuo alifunga meza yake, kwa sababu vibarua waliokuwa wateja wake hawakuwa na noti inayopokelewa popote. Foleni za benki zilizunguka mitaa. Wazee walisimama juani kubadilisha akiba yao halali. Modi akaomba apewe siku 50, na watu maskini wakampa kwa moyo mmoja, wengi wakiamini kwamba matajiri ndio wanaoteseka zaidi.

Agosti 2018 Benki Kuu ya India ikatoa hesabu: asilimia 99.3 ya noti zile zilirudi benki. Zile fedha chafu zilizosemwa zitachomwa moto na wenyewe kwa woga ziko wapi? Wanaomtetea wakabadilisha lengo palepale. Kwanza ilikuwa fedha chafu, ikawa noti bandia na ugaidi, mwisho ikawa kwamba lengo lilikuwa watu walipe kwa simu. Mtu mzima anawezaje kubadilisha sababu ya uamuzi uliofunga biashara za watu halafu akategemea tupige makofi? Na hakuna waziri hata mmoja aliyepoteza kazi kwa lile.

Kuhusu ukimya ndiko ninakoshindwa kuwaelewa kabisa. Manmohan mlimcheka miaka kumi kuwa bubu. Lakini tarehe 3 Januari 2014, akiwa ameelemewa na kashfa za leseni za simu na za makaa ya mawe, alikaa mbele ya waandishi wa habari akajibu maswali, makali kabisa, na akasema anaamini historia itamtendea haki kuliko vyombo vya habari vya wakati ule. Modi tangu 2014 hajafanya hata mkutano mmoja wa namna hiyo peke yake nchini kwake. Mei 2019 alikaa kwenye mkutano na waandishi pamoja na Amit Shah, rais wa BJP wakati ule, na maswali yote akamwachia Shah. Anahutubia redioni, anahutubia mikutano, anahojiwa na anaowachagua. Kuulizwa asichokipanga, hapana.

Na ukimya una gharama. Tarehe 3 Mei 2023 machafuko yalilipuka katika jimbo la Manipur kati ya jamii mbili, Wameitei na Wakuki. Vijiji vikachomwa, makanisa na mahekalu yakachomwa, makumi ya maelfu ya watu wakakimbia makazi yao. Jimbo lilikuwa chini ya BJP na serikali kuu ni ya BJP, hivyo hapakuwa na mpinzani wa kusingiziwa. Waziri mkuu alikaa kimya zaidi ya miezi miwili. Alisema hadharani tarehe 20 Julai, baada ya video ya wanawake wa Kikuki wakitembezwa uchi na kundi la wanaume kusambaa nchi nzima. Na hata siku hiyo, katika kauli hiyohiyo, alitaja Rajasthan na Chhattisgarh, majimbo yaliyokuwa chini ya Congress. Wanawake wamedhalilishwa mbele ya kamera, na kiongozi wa nchi anatafuta jimbo la mpinzani la kulinganisha! Mkuu wa serikali ya jimbo, Biren Singh, alikaa kitini hadi Februari 2025 ndipo akajiuzulu. Modi mwenyewe alikanyaga Manipur Septemba 2025. Watu zaidi ya 200 walikuwa wameshakufa. Anayeweza kunitajia kosa la Manmohan la ukimya linalofikia hilo anitajie.

Nawaona wa upande wa pili, mashabiki wa Congress, mnashangilia. Acheni, zamu yenu imefika.

Mnajiita walinzi wa demokrasia, lakini ukitaja Juni 1975 mnabadilisha mada. Indira Gandhi, waziri mkuu wa Congress, alitangaza hali ya hatari, akawafunga wapinzani, magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa, na usiku wa kwanza umeme ukakatwa kwenye mitambo ya magazeti ya Delhi. Miezi 21. Mwanawe Sanjay, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, akaendesha kampeni ya kuwahasi wanaume maskini kwa nguvu. Mnataka tusahau kwa sababu mjukuu wa Indira, Rahul Gandhi, ndiye kiongozi wa upinzani bungeni leo?

Sheria tatu za kilimo za Modi za 2020, zilizolegeza masharti ya kuuza mazao, zilipitishwa kwa ubabe, hilo sibishi. Wakulima wa Punjab na Haryana walikaa kwenye mipaka ya Delhi kuanzia Novemba 2020, wakapita baridi na joto, wengi wakafia pale, hadi Modi alipotangaza kuzifuta tarehe 19 Novemba 2021. Nawaheshimu sana wakulima wale. Lakini Congress kwenye ilani yake ya 2019 iliahidi kufuta sheria ya masoko ya mazao, jambo la jamii ileile. Mlipoona BJP imelifanya, likawa haramu. BJP nao walifanya vilevile: Gujarat ya Modi iliipinga kodi ya pamoja ya mauzo wakati wa Manmohan, kisha Julai 2017 Modi akaizindua kama wazo lake. Mradi wa kazi za vijijini aliuita bungeni, Februari 2015, mnara wa kushindwa kwa Congress, halafu mwaka 2020 vibarua waliporudi vijijini mikono mitupu akauongezea rupia bilioni 400. Kitambulisho cha Aadhaar kilianzishwa na serikali ya Manmohan, Modi akakiponda kwenye kampeni za 2014, akaja kukijengea nusu ya serikali yake juu yake. Sera ni ileile. Ubaya wake unategemea nani ameshika kalamu!

Hata chanjo ya korona. Januari 2021 Akhilesh Yadav, kiongozi wa upinzani katika jimbo lenye watu wengi kuliko yote, alisema hachanji chanjo ya BJP. Chanjo ya chama! Miezi michache baadaye wimbi la pili likaja, watu wakafa kwenye vibaraza vya hospitali kwa kukosa oksijeni, maiti zikaelea kwenye mto Ganga. Aprili ile ile Modi alikuwa West Bengal akisifia ukubwa wa umati uliokuja kumsikiliza. Mmoja aliwatia watu hofu ya chanjo, mwingine aliwakusanya kwa maelfu, na wafuasi wa wote wawili bado wanataka niamini kwamba kosa lilikuwa la yule mwingine tu. Na kwa haki, hadi Julai 2022 India ilikuwa imetoa dozi bilioni 2. Hiyo ni kazi kubwa, nchi chache sana zingeiweza. Semeni basi! Mnaumwa nini mkisema?

Vivyo hivyo akaunti za benki kwa watu ambao hawakuwahi kuwa nayo, zaidi ya milioni 500. Vivyo hivyo vyoo vijijini, hata kama lile tangazo la Oktoba 2019 kwamba hakuna tena anayejisaidia porini lilikuwa la kujipamba. Na kule Delhi Septemba 2023, India ikiwa mwenyeji, Umoja wa Afrika ulipewa kiti cha kudumu kwenye G20. Sisi huku tuna kila sababu ya kulitambua hilo. Kulitambua hakunifanyi nisahau Manipur.

Kinachonikera kuliko vyote ni mnavyotumia maiti. Ukisema Gujarat 2002, ambako watu zaidi ya 1,000 waliuawa, wengi wao Waislamu, na Modi ndiye alikuwa anaongoza jimbo, unajibiwa Delhi 1984. Ukisema Delhi 1984, ambako Masingasinga zaidi ya 2,700 waliuawa baada ya Indira kupigwa risasi na walinzi wake Masingasinga, Congress ikiwa madarakani, unajibiwa Gujarat 2002. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2022 ilikubali uchunguzi uliomwondolea Modi hatia, sawa, hilo ni la kisheria na nalitaja kwa sababu ni kweli. Je, mjane wa Ahmedabad anafarijika vipi kusikia kwamba kuna mjane mwingine Delhi? Hawa ni watu. Sio magoli ya kusawazisha.

Wapiga kura wa India wamewazidi akili nyote. Mwaka 2024 kampeni ya Modi ilisema muungano wake utapata viti 400. Hekalu la Ram lilikuwa limezinduliwa Ayodhya Januari ile, Modi mwenyewe akiongoza ibada, na kwenye mahojiano akasema anaamini Mungu ndiye aliyemtuma. Watu wakakipa chama chake 240, pungufu ya 272 zinazohitajika, ikabidi ategemee vyama vya Chandrababu Naidu na Nitish Kumar. Jimbo la uchaguzi la Faizabad, ambamo Ayodhya yenyewe imo, likaenda kwa upinzani. Lakini Congress nayo hawakuipa nchi, waliipa viti 99. Februari 2025 wakazi wa Delhi wakairudisha BJP madarakani kwenye bunge lao baada ya miaka 27. Mwenye kura anaangalia jambo kwa jambo.

Sasa nataka majibu, na nitasoma kila moja. Anayemtetea Modi: nani aliwajibika kwa asilimia 99.3? Kwa nini ripoti ya ajira iliyoonyesha ukosefu wa kazi wa asilimia 6.1, mkubwa kuliko wowote kwa miaka 45, ilikaliwa hadi uchaguzi wa 2019 ulipopita, na wajumbe wawili wa tume ya takwimu wakajiuzulu? Lini atakaa mbele ya waandishi bila maswali kupangwa? Anayemtetea Rahul: chama ambacho kwa miongo kimeongozwa zaidi na familia moja kinawezaje kumfundisha mtu yeyote demokrasia, na ni sera gani ya Modi mliyoipinga ambayo mtaifuta kweli mkiingia?

Nehru, baba yake Indira na waziri mkuu wa kwanza wa India, amefariki tangu Mei 1964. Jibu litakaloanza na jina lake sitalisoma.