Mrejesho: kile kikombe cha fedha cha Kiyahudi

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kama ninunue kikombe cha fedha cha kubarikia divai ya Sabato, kilichokuwa kinanadiwa hapa Ujerumani kwa maelezo ya "mali ya familia, karne ya 18" tu. Mlinishauri nikipindue kwanza.

Nimekipindua. Chini ya kitako kuna hilali, taji na 800 (yaani sehemu 800 za fedha katika kila 1000), alama ya fedha ya Ujerumani iliyoanza kutumika 1888. Kumbe si cha karne ya 18 kama wanadi walivyoandika! Karibu na ukingo, herufi za Kiebrania zimekwanguliwa. Nilipopitisha ukucha nilihisi bado mifereji ya jina la mtu.

Hapo simanzi ikanishika. Mwaka 1939 Wanazi waliwaamuru Wayahudi wasalimishe vyombo vyao vya fedha kwenye maduka ya rehani ya manispaa, kwa malipo kiduchu. Nikawaomba wanadi karatasi za kuonyesha kilikuwa kwa nani kati ya 1933 na 1945, enzi za Wanazi. Hawana hata risiti moja.

Sikuweka dau. Nimewaandikia wakiondoe mnadani, na kesho nampelekea rabi picha azisome. Tukipata jina, nitalitafuta kwenye Lost Art, hifadhidata ya mali zilizoporwa enzi za Wanazi.